GTA VI inakuja na korosho, lakini banda linaishi kwa mpira

Jirani yangu hapa Magomeni, Mtwara, ana banda la gemu lenye PlayStation 4 (PS4) tatu, PS3 mbili zilizoflashiwa zicheze gemu za kuchoma, na swali moja ambalo hajaliacha tangu Novemba iliyopita: auze PS4 mbili anunue PS5 moja kabla haijatoka GTA VI, Grand Theft Auto mpya ambayo PS4 haitaicheza, au atulie? Ananiuliza mimi kwa sababu ndiye ninayemtengenezea pedi, vile vijiti vya analogi vikianza kuteleza. Anaamini fundi wa pedi lazima ajue na yanayopikwa huko Rockstar, wanaoitengeneza GTA.

Sijui yanayopikwa. Lakini swali lake lina pesa ndani yake, na linastahili jibu refu kuliko lile la kijiweni la "nunua tu kaka, itarudi".

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Rockstar walionesha video ya kwanza ya GTA VI Desemba 2023 na kuahidi 2025. Mei 2025 wakasogeza hadi 26 Mei 2026. Novemba 2025 wakasogeza tena, safari hii hadi 19 Novemba 2026. Katikati ya hapo mkuu wa Take-Two, kampuni inayoimiliki Rockstar, Strauss Zelnick, alikuwa akiwaambia wawekezaji kwamba ana imani kubwa na tarehe iliyopo. Kila tarehe aliyoisemea hivyo ilikuja kuhama. Wasioamini Novemba hii wana haki yao.

Wanaoamini nao hawakuokota hoja njiani. GTA IV iliahirishwa mara moja, kutoka Oktoba 2007 hadi Aprili 2008. GTA V ilitakiwa itoke mwanzoni mwa 2013, ikatoka 17 Septemba. Red Dead Redemption 2 iliahirishwa mara mbili, na tarehe ya tatu, 26 Oktoba 2018, ikatimia. Ukiipima GTA VI kwa kipimo hicho, iko palepale: mara mbili imeshahama, ya tatu ndiyo yenyewe. Anayetaka kunipinga atanitajia Cyberpunk 2077, ambayo si ya Rockstar. Hiyo ilihamishwa mara tatu ndani ya mwaka 2020 peke yake, na ilipofika Desemba, toleo la PS4 lilikuwa bovu kiasi kwamba Sony, wenye PlayStation, waliiondoa dukani kwao baada ya wiki moja tu. Mimi naegemea kwa wanaosema itatoka, ingawa redio yangu siweki rehani.

Jambo ambalo sijasikia likisemwa na wachambuzi wa Ulaya, na sitarajii waliseme, ni kwamba tarehe mpya imeifaa Mtwara. Tarehe 26 Mei huku kwetu mkulima anawaza salfa. Mikorosho inakaribia kupuliziwa, pesa ya msimu uliopita imeshaisha, na mwenye watoto anakopa. Novemba minada inaendelea. Pesa za vyama vikuu vya ushirika, TANECU kule Newala na Tandahimba na MAMCU huku kwetu na Masasi, zinaanza kuingia kwenye akaunti, na vijana wanashuka mjini na noti. Kama Rockstar wangekaa chini na mtu wa chama cha msingi cha wakulima kupanga tarehe, wasingepanga vizuri zaidi.

Kwa hiyo mwenye banda ana hoja. PS5 ya kwanza mtaani yenye GTA VI, katikati ya msimu, itajaza watu hadi barabarani. Gemu za mfululizo huu pia hazizeeki haraka. GTA V ilianzia PS3 mwaka 2013, ikaenda PS4 mwaka 2014, ikafika PS5 mwaka 2022, na imeuza nakala zaidi ya milioni 200. Kwenye zile PS3 zake bado kuna watoto wanaoiomba, wenye umri mdogo kuliko gemu yenyewe. Kabla ya hapo ilikuwa San Andreas kwenye PS2, enzi ambazo kurasa za nyuma za daftari la hisabati zilijaa kodi za siri za kuita kifaru cha vita na kuongeza pesa. Diski moja inayoingiza hela miaka kumi si ya kudharau.

Lakini hebu tuingie ndani ya banda tuhesabu, maana gemu ya nyumbani na gemu ya banda ni biashara mbili tofauti.

Kwenye mpira, mechi ni 500 na anayefungwa ndiye analipa. Ukiweka dakika sita kila kipindi, na ule muda wa kubishana kama ilikuwa penati, mechi inakula kama robo saa. Kwa saa moja skrini imeingiza 2,000. GTA inauzwa kwa muda, nusu saa 1,000, nayo inaleta 2,000 ileile. Kwenye karatasi zimelingana. Kwenye benchi hazilingani hata kidogo. Mpira una watu wawili kwenye pedi na wanane wanaosubiri zamu, kila mmoja akijua atamfunga huyo anayetamba. Aliyefungwa haondoki, anataka kulipiza. Wakisubiri wananunua barafu na ubuyu wa mke wa mwenye banda, ambao mimi naamini una faida kuliko mashine zote tano. GTA ina mtu mmoja kwenye pedi na watoto kumi na wanne wanaotazama bure wakiwa wameziba mlango.

Halafu kuna habari ya kusevu. GTA ni hadithi ndefu, na kila mteja anataka aendelee alipoishia. Mashine ni moja, wateja arobaini. Nimeshuhudia ngumi zikirushwa kwa sababu dogo mmoja alisevu juu ya kazi ya mwenzake ya wiki mbili. Mpira hauna kumbukumbu. Mechi ikiisha imeisha, kinachobaki ni maneno tu. Sijagusa bado lile la mtendaji wa mtaa, ambaye siku atakayokuta mtoto mwenye sare anaendesha gari juu ya watu kwenye skrini kubwa, banda litafungwa kwanza maelezo yatafuata.

Ndiyo maana nasema jirani yangu anakodolea macho gemu isiyo yake. Uvumi unaomhusu ni wa FC 27, gemu ijayo ya mpira ya kampuni ya EA, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA.

Hapo historia inatusaidia kukisia kuliko ilivyo kwa Rockstar. PS2 ilitoka Japani mwaka 2000, na gemu ya mwisho ya FIFA kutolewa kwa mashine hiyo ilikuwa FIFA 14, mwaka 2013. PS3 ilitoka 2006, FIFA yake ya mwisho ikawa FIFA 19, mwaka 2018. Yaani EA huitunza mashine ya zamani miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, kisha huiaga. PS4 ilitoka Novemba 2013. FC 26, iliyotoka 26 Septemba 2025, bado ilikuwa na toleo la PS4. Hesabu inaishia palepale ukingoni: FC 27 inaweza kuja PS4 kwa mara ya mwisho, au ikawa ndiyo ya kwanza kuiacha.

Wanaosema haitaiacha wanakumbusha kwamba PS4 zilizouzwa duniani zimepita milioni 117, na kampuni haitupi wateja wa namna hiyo wakati toleo lenyewe linaweza kuwa lile la mwaka jana lililobadilishiwa vikosi na jezi. Hicho ndicho walichowafanyia watu wa PS2 na PS3 mwishoni. Wanaosema itaiacha wanajibu kwamba kutunza matoleo mawili ni gharama, na kwamba huko Ulaya wachezaji wengi wameshahama. Mimi hapa mizani yangu inatikisika. Ukinibana nitasema itakuja mara moja zaidi, kwa sababu ya ile miaka kumi na mitatu ya PS2, lakini ni kukisia kwa mtu anayeangalia mawingu.

Na isipokuja? Mabanda ya PS3 hayakufungwa 2018. Nakumbuka enzi za PS2, diski za kuchoma ziliuzwa na jina la FIFA ya mwaka huo kwenye karatasi ya juu, ndani ni FIFA 14 iliyopachikwa vikosi vipya, na tulicheza tukafurahi. (Jiandaeni, Novemba mtauziwa "GTA VI ya PS3" kwa njia hiyohiyo. Ya simu imeshaanza kuzunguka, na kinachokuja nayo ni virusi.) Mteja wa banda anachotaka ni kumkuta mchezaji kwenye timu yake ya sasa. Ukimwonesha Mbappé bado yuko Paris atakuuliza kama banda hili lina umeme. Msimu mmoja anavumilia. Wa pili anahamia banda la pili.

Kuna pia gemu nyingine ya mpira, eFootball ya Konami, iliyorithi PES. Ilipotoka Septemba 2021 ilikuwa kichekesho, lakini ni ya bure na imerekebishwa sana. Shida yake ni intaneti, nayo kwa bando la simu ni kama kujaza mtungi kwa kijiko. Shida hiyohiyo inaigusa GTA VI. GTA V kwenye PS4 hukaribia gigabaiti 100, na Red Dead Redemption 2 ilikuja na diski mbili. Kama Rockstar wataamua kasha libebe kodi tu, yaani namba ya kupakulia gemu mtandaoni, badala ya diski, basi mtu wa Mtwara hana cha kuazima wala cha kuuza akishachoka. Diski angalau hupanda basi Kariakoo na kufika, ingawa nayo ina siku zake: Mei 2024 mafuriko ya wakati wa kimbunga Hidaya yalikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, na kabla hatujapumua, tarehe 12 nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikazimika. Mwezi ule hata mwenye pesa hakuwa na gemu mpya.

Upande wa kununua sasa una hoja moja ambayo imenisumbua, nayo ni bei. Tumezoea kwamba mashine ikizeeka inashuka. PS2 ilishuka, PS3 ilishuka, PS4 ilishuka. PS5 imepanda. Ilianza kwa dola 499 Novemba 2020, na Agosti 2025 Sony waliifikisha karibu 550 huko Marekani. Ukihesabu dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni 1,375,000 kabla ya usafiri na faida ya muuzaji: mechi 2,750, au, kwa korosho ya 4,000 kwa kilo, kilo 344 kabla ya makato. Anayesema "subiri itashuka" anatumia uzoefu wa mashine nyingine. Inawezekana kabisa kwamba kusubiri hadi Novemba kutamgharimu zaidi, hasa wafanyabiashara wakinusa kwamba kila banda linatafuta PS5 wiki moja.

Mashine yenyewe si mwisho wa gharama. PS5 yenye mlango wa diski inacheza karibu gemu zote za PS4, kwa hiyo FC 26 yake haitatupwa. Lakini pedi za PS4 kwenye PS5 hukubali gemu za PS4 tu. Ukiweka ya PS5 lazima pedi mpya, na wateja wetu wanavyominya pedi wakiwa nyuma bao moja, mimi ndiye ninayejua. PS5 Pro asiiguse, haiji na sehemu ya diski. Na gemu nzito huifanya PS5 ile karibu wati 200, kwa hiyo LUKU nayo iingie kwenye hesabu.

Uvumi mwingine naupita mbio. PS6 watu wanaipigia 2027 au 2028 kwa kuangalia miaka iliyopita kati ya mashine na mashine. Sawa, lakini banda halinunui mashine mwaka inapotoka. Gemu ya Wolverine ya Insomniac itakuwa nzuri, bila shaka, kwa mtu mwenye sebule.

Nilichomshauri ni kwamba asiuze kitu sasa. Asafishe feni za PS4, zinanguruma kama mashine ya kusaga, na anunue pedi mbili. Kwa miaka mitatu mfululizo EA wameitambulisha FC mpya mwezi Julai na kuiuza Ijumaa ya mwisho wa Septemba. Julai hii wataitaja na orodha ya mashine. Hiyo ndiyo habari ya kusubiri. PS4 ikiwemo, ana mwaka mzima wa kupumua, na GTA VI aifikirie akiwa na pesa za korosho mkononi badala ya deni.

Akanyamaza, akachomoa pedi moja kwenye soketi na kuipuliza vumbi.

"Na wakisema PS4 haimo?"

"Uza mbili siku hiyohiyo, kabla mtaa haujajua."

"Shehe," akasema, "mtaa huu una bando kuliko mimi."