Senti 30 za Perth

Mwaka 2015, mwanasiasa wa Australia Magharibi aliyetaka kupigiwa makofi hakuhitaji hotuba ndefu. Alitaja "senti 30", basi. Wasikilizaji walishaelewa: katika kila dola ambayo jimbo lao lingepata kama kodi ya bidhaa na huduma ingegawanywa sawa kwa kila kichwa, wao waliambulia senti 30. Kule Darwin, makao makuu ya Northern Territory, hesabu hiyo hiyo ilitoa zaidi ya dola tano.

Ukiisikia hivyo unasema ni dhuluma. Mimi sioni kwamba ilikuwa dhuluma, ingawa watu wa Perth, mji mkuu wa Australia Magharibi, walikuwa na sababu nzuri ya kukasirika. Walichokosea ni jambo la kukasirikia.

Kodi yenyewe ni asilimia 10 na ilianza Julai 1, 2000. Serikali ya shirikisho huikusanya, kisha mapato huenda kwa majimbo sita na maeneo mawili yanayojiendesha, ambayo huyatumia yapendavyo. Anayepima nani apate kiasi gani ni Tume ya Ruzuku. Swali lake ni hili: kama kila jimbo lingetoza kodi kwa juhudi ya kawaida na kutoa huduma za kiwango cha kawaida, lingepungukiwa kiasi gani? Pengo hilo ndilo linalozibwa. Nyumba za Sydney zikiuzwa bei ya kuruka, ushuru wa stempu unaotozwa kwenye mauzo hayo unaingia kwa wingi na mgawo wa jimbo lake, New South Wales, unapungua. Jimbo lenye wagonjwa wengi, au vijiji vilivyo mamia ya kilomita kutoka hospitali, linaongezewa.

Tume hiyo iliundwa 1933, na mwaka huo una kisa chake. Aprili 1933 wapigakura wa Australia Magharibi, karibu wawili katika kila watatu, walitaka kujitenga na shirikisho. Walituma ujumbe London, na mwaka 1935 Bunge la Uingereza likakataa kulishughulikia ombi lao. Wakati huo jimbo lilikuwa fukara, likilalamika kwamba ushuru wa forodha uliolinda viwanda vya mashariki uliwaumiza wakulima wake. Kwa miongo mingi iliyofuata likawa miongoni mwa waliokula ruzuku za wenzao. Kizazi kilichokuja kulalamikia senti 30 hakikupenda kukumbushwa hilo.

Utetezi wa fomula uko Northern Territory. Eneo hilo linaizidi Tanzania kwa ukubwa, na wakazi wake ni kama laki mbili na nusu tu. Karibu watatu kati ya kumi ni Waaborijini, wengi wao wakiishi mbali na mji wowote. Kumpeleka huko muuguzi mmoja, kumjengea nyumba na kumrushia dawa kwa ndege si gharama ya Melbourne. Ukigawa fedha kwa kichwa tu, umeamua kwamba mtoto wa huko asome shule hafifu kwa sababu wenzake ni wachache.

Hata hivyo, utetezi huo una tundu ambalo watetezi hulipita haraka. Fedha hizi hazina masharti. Tume hukadiria kwamba eneo linahitaji fedha nyingi kwa ajili ya jamii za mbali, lakini hakuna sheria inayoilazimisha serikali ya Darwin kuzipeleka huko. Ikitaka kupendezesha ufukwe wa mjini, inaweza. Kwa hiyo dola tano zinaweza kuwa haki kwenye karatasi, na kijijini zisionekane.

Turudi Perth. Kilichoporomosha mgawo wao ni madini ya chuma ya Pilbara, kaskazini mwa jimbo lao. China ilipokuwa ikijenga miji bila kupumzika, mrabaha, yaani malipo ya makampuni ya migodi kwa serikali ya jimbo, ulimiminika, na Tume ikahesabu kwamba jimbo sasa linajiweza. Mpaka hapo sawa. Lakini Tume hutumia wastani wa miaka mitatu iliyokwisha kupita. Mgawo wa 2015-16 ulitokana na takwimu za 2011-12 hadi 2013-14, miaka ya neema, wakati bei ya chuma ilikuwa tayari imeanguka. Jimbo likanyimwa mgawo kwa utajiri wa jana huku mfuko wa leo ukiwa mtupu.

Bei ilipokuwa ikipanda, ucheleweshaji huo huo uliwanufaisha: mrabaha mnono uliingia pamoja na mgawo uliopimwa kwa miaka ya kawaida. Serikali yenye busara ingeweka akiba. Ya Perth ilitumia, na deni likapanda katikati ya neema.

Lalamiko la pili ni zito zaidi kwangu. Karibu chuma chote cha Australia hutoka jimbo hilo moja. Wakati huo, likipandisha mrabaha na kupata dola 100 za ziada, hesabu ya usawazishaji ilizisambaza kwa nchi nzima, na lenyewe lilibaki na sehemu inayolingana na idadi ya watu wake, kama dola 11. Lawama za makampuni ya migodi, hata hivyo, lilibaki nazo zote. Zaidi ya hapo, mapato ya mashine za kamari, ambazo New South Wales imezijaza katika vilabu vyake, hayabadilishi mgawo, ilhali Australia Magharibi imezifungia ndani ya kasino moja. Mtu wa Perth akiuliza kwa nini chuma chake kihesabiwe na kamari ya jirani isihesabiwe, jibu la kitaalamu lipo, ila halishibishi.

Basi palikuwa na mambo mawili ya kurekebisha: muda wa hesabu, na motisha ya kukusanya mrabaha. Sheria ya 2018 haikugusa hata moja ipasavyo. Iliweka kiwango cha chini: senti 70 kuanzia 2022-23, kisha senti 75 kuanzia 2024-25, hata jimbo liwe tajiri namna gani. Ili wengine wasipige kelele, serikali ya shirikisho iliwadhamini kwamba hakuna atakayepata pungufu kuliko chini ya mfumo wa zamani, na tofauti inalipwa kutoka hazina yake.

Wakenya wanaijua dawa hii. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa wiki kadhaa juu ya fomula ya kaunti, hoja ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja" ikipambana na kaunti kubwa zenye watu wachache. Kilichowanasua Septemba mwaka huo ni ahadi ya kulikuza fungu hadi shilingi bilioni 370 ili asiwepo wa kupoteza. Nani anastahili nini lilibaki swali la siku nyingine.

Kwa bahati ya Australia, au bahati mbaya, bei ya chuma iliruka tena. Januari 2019 bwawa la taka za mgodi lilipasuka Brumadinho, Brazil, chuma kikaadimika sokoni, na mwaka 2021 tani moja ikavuka dola 200 za Kimarekani. Kiwango cha chini kilipoanza kufanya kazi, kiliikuta Perth imeshiba. Inatangaza ziada ya mabilioni mwaka hadi mwaka huku Victoria na Tasmania zikikopa. Na ile dhamana iliyokadiriwa mwanzoni kugharimu mabilioni machache sasa inahesabiwa kwa makumi ya mabilioni ya dola, zinazotoka kwa mlipakodi yule yule, awe Hobart au Darwin.

Desemba 2023 dhamana hiyo iliongezewa muda hadi 2029-30. Kiwango cha senti 75 hakina tarehe ya mwisho. Viti vya Australia Magharibi vimechangia kuamua chaguzi, na hakuna chama kikuu kilichowahi kwenda Perth kuomba kura kikiahidi kukiondoa.