Methani Ilitoa Taarifa, Kazi Ikaendelea

Mgodi wa makaa ya mawe ukilipuka, neno la kwanza kusikika ni "ajali". Neno hilo linaniuma.

Chukua Pike River, New Zealand, ambako watu 29 walikufa Novemba 2010. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba katika siku 48 za mwisho kulikuwa na taarifa 21 za methani, gesi inayotoka kwenye makaa, kufikia kiwango cha kulipuka, na nyingine 27 za kiwango cha chini ya hapo lakini bado cha hatari. Ni kama taarifa moja kila siku! Wakati huohuo wafanyakazi walikuwa wameahidiwa bonasi ili uchimbaji kwa maji, yaani kukata makaa kwa maji yenye nguvu, uanze mapema, na kadiri siku zilivyosogea ndivyo bonasi ilivyopungua. Hapo ajali iko wapi?

Methani haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kujikusanya kwenye dari ya handaki. Hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Ikizidi hapo hailipuki, ila asidanganyike mtu: hewa safi ikiingia, huirudisha palepale penye hatari. Basi gesi ivutwe kwa mabomba kabla makaa hayajakatwa, na feni zisilale.

Wengi husahau vumbi. Upper Big Branch, Marekani, Aprili 2010, gesi kidogo tu iliwaka kwenye mashine ya kukatia makaa yenye meno yaliyochakaa na vinyunyizio vibovu vya maji. Vumbi la makaa ndilo lililoubeba moto ule mgodi mzima, nako pia wakafa 29. Dawa yake ni unga wa mawe ya chokaa unaomwagwa sakafuni, ukutani na darini ili vumbi lisishike moto. Unga wa mawe! Hakuna kinga rahisi kuliko hiyo, na bado haukumwagwa wa kutosha.

Kwa hiyo nikisikia mgodi umenunua vipimo vipya vya gesi, huuliza jambo moja: kikilia, nani anazima mashine? Kama mchimbaji lazima asubiri ruhusa ya bosi anayehesabu tani, kipimo hicho hakimlindi mtu. Sheria impe mchimbaji aliye pale chini haki ya kukata umeme na kuwatoa wenzake kwanza, kisha ndipo apige simu juu kueleza kwa nini.