Filamu ya Wokovu

Kosa lilianzia kwenye kava la filamu. Liliandikwa Saved!, na alama yake ya mshangao, na mimi na Kiingereza changu cha kidato cha tano nikajua hii ni Ameokoka! Tena ndani yumo Mandy Moore, yule binti wa mchungaji aliyetutoa machozi sote kwenye A Walk to Remember. Yumo na Macaulay Culkin, mtoto wa Home Alone, sasa kijana mkubwa, amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Nikasema hapa lazima kuna uponyaji. Nikalipa.

Nilikuwa katibu wa umoja wa vijana katika usharika mmoja wa Kilutheri Morogoro. Mwaka ni 2006, ule wa ukame na mgao, umeme unakatika kila jioni kama una miadi na mtu. Tulitangaza jioni ya filamu ya Injili. Vijana walikuja wachache. Waliojaza ukumbi ni kina mama wa kwaya, Bibi mmoja wa benchi la mbele, na mzee wa kanisa aliyekuja kulinda maadili. TV ya chogo, deki ya kuazima. Mwinjilisti akafungua kwa sala, akakazia sana umeme usikatike.

Filamu yenyewe sikuwa nimeitazama.

"Katibu, tutafsirie," akasema mama mmoja. Nikasimama pembeni ya TV na fimbo ya kufagilia utando, kama wale wa vibanda vya video.

Haukupita muda, binti aitwaye Mary yuko na mchumba wake chini ya maji, kwenye bwawa la kuogelea. Kijana anamtobolea siri: yeye havutiwi na wasichana. Nilielewa vizuri kabisa. Koo likakauka.

"Anamwambia... ameitwa kwenye uchungaji."

"Amina!" wakaitika kina mama.

"Mbona wako majini?" akauliza mzee wa kanisa.

"Wanabatizwa."

"Maji mengi?" Sura ikamkunjamana. "Kumbe hao si wenzetu."

Kisha shuleni kwao, shule ya Kikristo, mwanamume mmoja akaingia jukwaani kwa kupiga sarakasi. Nikasema huyo ndiye mchungaji. Ukumbi mzima ukacheka, mzee akaniambia nisifanye mzaha na mambo ya Mungu. Ndipo nilipojifunza kwamba nikisema kweli siaminiki, nikaendelea na njia yangu.

Yule binti, ili amwokoe mchumba wake, aliona dawa ni kulala naye. Hapo nilisimama mbele ya kioo nikapanua koti, nikaeleza kwa kirefu kwamba wanakesha kwenye maombi. Lakini koti halifichi miezi tisa. Tumbo likaanza kuonekana.

"Huyo binti ana nini?"

"Vidonda vya tumbo. Amefunga sana."

Mama mmoja wa sauti ya pili, mkunga mstaafu, akaguna. "Vidonda hivyo vina miezi saba."

Nikaanza kuomba kimoyomoyo umeme ukatike. Nilijua nashindana na sala ya mwinjilisti, na yeye amesomea. Wakati huo Mandy Moore, niliyemtegemea kuliko wote, akamrushia Mary Biblia mgongoni huku akipiga kelele kwamba amejaa upendo wa Kristo.

"Anamgawia Neno," nikasema.

"Kwa kumtupia?"

"Kwa upendo, mzee. Mwenyewe ndivyo anavyosema."

Umeme ukakatika. Sijawahi kuupenda mgao kama usiku ule. Nikaanza kuchomoa waya gizani, ila hakuna aliyenyanyuka. Kibatari kikaletwa. "Haya katibu, mwisho wake?"

Mwisho siujui! Nikautunga papo hapo. Vidonda vilipona. Mandy Moore alitubu akalia. Kijana wa bwawani akaenda chuo cha uchungaji. Yule wa Home Alone, kwa kuwa nilishamlipia uponyaji, nikamwinua kwenye kiti akatembea. Kina mama wakapiga vigelegele. Mwinjilisti hakulaza damu. Akaruka mbele akatoa wito, na watu saba wakanyoosha mikono kumpokea Bwana. Mzee wa kanisa akanishika bega: Jumapili ijayo niipeleke kwenye mtaa wa pili. Nikamwambia CD imekwaruzika. Ilikuwa kweli, niliikwaruza usiku uleule kwa msumari.

Baadaye nilipata nakala nyingine, nikaimaliza peke yangu mlango umefungwa. Mandy Moore anaparamia sanamu kubwa ya Yesu kwa gari lake. Mary anajifungua, na wale wote walioonekana wamepotea ndio wanaojaa kitandani kwake hospitalini. Culkin bado yuko kwenye kiti chake na ana mpenzi, wala hana shida na mtu. Ukweli, mwisho wao ni mzuri kuliko wangu, ingawa wa kwangu ulitoa watu saba.

Kama miaka miwili hivi ilipita, nikakutana na Bibi sokoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Yule kijana wa Marekani alishamaliza uchungaji?"

"Bado kidogo, Bibi."

"Na binti, vidonda vyake?"

"Alijifungua salama," nikajibu, kabla akili haijafika.

Bibi akaendelea kuchagua nyanya zake. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Bibi."