Mkaa wa nyama si mkaa wa maharage

Sikukuu ya Idd mwaka jana nilimchomea mama mkwe wangu kuku. Walikuwa wanne, kienyeji, wamelala usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na mtindi. Ukwaju umechemshwa, kachumbari imekatwa, mkeka umetandikwa uani. Alikula paja, akanyamaza, akanywa maji, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, huyu kuku umemchoma au umemfukiza?"

Nilistahili. Wiki mbili kabla, nikirudi kutoka Morogoro, nililiona gunia kando ya barabara, lumbesa imepanda juu kama kilemba, bei chee. Sikushuka hata kulitazama. Nililipia dirishani, likapakiwa kwenye buti, nikaondoka nikijiona mjanja. Siku ya siku nafungua: juu vipande vikubwa vya kupendeza, katikati chenga, chini chenga na udongo, na humo humo vipande vya rangi ya kahawia ambavyo, tuseme ukweli, bado vilikuwa kuni. Hivyo ndivyo vilivyotoa moshi, na viungo vyote vya usiku kucha vikaishia humo.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao nimeshaugombania na mashemeji na majirani: mkaa wa kuchomea nyama ununuliwe peke yake, kwa macho na masikio, kama unavyonunua nyama yenyewe. Mtu atazunguka Kariakoo nzima akitafuta pilipili manga isiyosagwa, halafu mkaa anamtuma mtoto akachukue makopo mawili popote. Sufuria ya maharage haijali umenunua mkaa gani. Kati ya moto na maharage kuna kitako cha sufuria, na moshi unapita pembeni unakwenda zake. Nyama juu ya wavu haina kitako. Kila kinachotoka kwenye mkaa kinaingia kwenye nyama, na hakuna ndimu ya kukiosha.

Aliyenifundisha ni mama mmoja anayeuza mkaa mtaani kwetu Tabata, jirani na kijiwe cha bodaboda. Nilimwendea baada ya aibu ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unataka wa chungu au wa nyama?"

Nikamwambia mkaa ni mkaa. Hakunijibu. Aliinama, akaokota vipande viwili kwenye fungu la kushoto, akavigonganisha karibu na sikio langu. Vililia, mlio mkavu na mwembamba, kama vigae vya chungu vikigongana. Akaokota viwili vingine kwenye fungu la kulia. Hivyo vikasema "dup", kama ngumi kwenye mto. Kisha akakivunja kimoja cha kwanza kwa mikono. Ndani kiling'aa kama bawa la kunguru, na ukikisogeza kwenye mwanga unaona duara za mti zote, moja ndani ya nyingine. Kile cha pili hakikuvunjika vizuri, kilichanika. Katikati kilikuwa na mstari wa kahawia.

"Huu haujaiva," alisema. "Huu upikie makande."

Ndiyo, mkaa nao unaiva, na tukilijua hilo mengine yote yanaeleweka. Mchoma mkaa anapanga magogo porini, anayafunika kwa majani, kisha kwa udongo, anatia moto na kuubania hewa. Magogo hayawaki, yanaoka. Maji ya mti yanatoka kwanza, unafuata moshi mzito na utomvu, na kinachobaki mwisho karibu chote ni kaboni. Tanuri kubwa linaweza kuchukua wiki na zaidi. Sasa kama mvua imemkuta, au mnunuzi anapiga simu lori limeshafika, analifukua kabla ya wakati. Vipande vya katikati vinabaki nusu kuni, na moshi uliopaswa kubaki porini unakuja kutokea uani kwako, mbele ya mama mkwe.

Kuhusu aina ya mti, watu wanabishana sana, wengine hadi kuapa. Mimi naona uzito unatosha kukuongoza. Shika kipande kiganjani. Mkaa wa miti migumu kama mtundu au mgunga ni mzito kuliko unavyotarajia, unachelewa kushika moto, lakini ukishika unakaa. Mkaa wa mwembe ni mwepesi, unawaka kwa pupa na kuzima kwa pupa. Kwa mishikaki, ambayo dakika kumi imetoka, wa mwembe sina ugomvi nao. Kwa paja la mbuzi utakuwa unaongeza mkaa huku nyama inakusubiri, na kila ukiongeza mkaa mbichi juu ya makaa unaanza upya na moshi. Na ukikutana na muuzaji anayekunong'oneza kwamba wake ni wa mikoko, usidhani umepata bahati. Mikoko ya pwani yetu ni hifadhi, na ndiyo inayoshika udongo wa ufukwe na kulea kamba na samaki wachanga. Muulize una wa nini kingine, au ondoka.

Vipande viwe kama ngumi. Vikubwa kama mkono wa mtu vinapendeza kwenye gunia tu. Jikoni inabidi uvivunje, na nusu vinageuka chenga. Chenga zenyewe zinajaza nafasi kati ya vipande, hewa haipiti, moto unafifia, unaanza kupepea na kipande cha boksi, majivu yanaruka na kutua kwenye nyama. Ukimwona mchoma mishikaki anapepea bila kupumzika usiku kucha, usimsifu kwa bidii. Tazama mkaa wake.

Halafu kuna maji. Mkaa unanyonya unyevu hata ukiwa umekaa tu, na miezi ya masika magunia yanalala nje chini ya turubai lenye matundu. Wapo pia wanaonyunyizia maji, wanasema ni kutuliza vumbi. Inawezekana. Mkaa wenye unyevu unapasuka na kurusha cheche. Ninayo kanzu yenye matundu matatu kifuani kama ushahidi. Siku hizi nanunua debe moja au mawili siku tatu kabla, naumwaga juu ya bati lililotulia juani, jioni naurudisha kwenye ndoo yenye mfuniko. Mke wangu anasema nimekuwa kama mtu anayeanika dagaa.

Nisiwasahau wanaoniambia nihamie mkaa mbadala, ule wa vidonge vilivyoshindiliwa. Kwa chungu, nawaunga mkono. Vile vidonge vinadumu, joto lake halipandi na kushuka, na mchoma ndafu anayehitaji moto mtulivu kwa saa nyingi anaweza kuvipenda kuliko mkaa wa mti. Lakini uliza vimetengenezwa na nini. Vya vifuu vya nazi ni vizuri kweli, nimeshavichomea samaki na sikuona tofauti ya kulalamikia. Vya vumbi la mkaa vilivyogandishwa kwa wanga vinaacha majivu mengi lakini vinavumilika. Vya makaa ya mawe, hapana. Makaa ya mawe yana salfa, na mimi sitaki salfa kwenye ubavu wa mbuzi. Chini ya sufuria iliyofunikwa ni jambo lingine.

Basi umepata mkaa mzuri, mkavu, unaolia. Usije ukauharibu kwenye kuwasha. Zamani mtaani tuliwasha kwa mfuko wa rambo, tone la plastiki linadondoka linawaka bluu na kila mtu anaona ni kawaida. Mifuko ile ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini bado naona watu wakiwasha kwa vifungashio na vipande vya ndoo. Wengine wanamwaga mafuta ya taa halafu wanashangaa kwa nini sato anaonja kibatari. Mimi natumia kopo kubwa la rangi ambalo nililichoma kwanza kwenye moto mkali hadi rangi yote ikaisha, likatobolewa matundu kwa msumari kuzunguka chini. Naweka magunzi mawili ya mahindi na karatasi, mkaa juu, kiberiti chini. Moto unapanda wenyewe. Baada ya kama dakika ishirini vipande vya juu vinaanza kuvaa kijivu, namwaga kwenye jiko na kuvisukumia upande mmoja, upande wa pili nauacha mtupu. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, nyama inahamia kule.

Hapo ndipo Kiswahili kinaponifurahisha: mkaa ni ule wa kwenye gunia, makaa ni yale yanayowaka. Ni neno lile lile, limebadilisha umbo kwa kuingia motoni. Nyama inachomwa juu ya makaa. Anayeitupa juu ya mkaa ambao haujawa makaa anatafuta maswali kutoka kwa wakwe. Kipimo changu ni kiganja, kimo cha shibiri moja juu ya wavu: nikihesabu hadi tatu nikashindwa, mishikaki iende; nikifika tano au sita, kuku aende. Wala usilete jiko ndani kwa sababu mvua imeanza, hata barazani kwenye madirisha yaliyofungwa. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke.

Sasa swali ambalo binti yangu aliniuliza, na sikuwa na jibu la haraka: si mnakata miti? Ndiyo, tunakata. Tanuri la udongo la kawaida linatoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Gunia la kilo 50 ni kuni za kilo 250 kwa uchache, pengine 500. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na mimi sioni la kupinga hapo. Maharage ya saa tatu, chai ya asubuhi, maji ya kuoga: huko ndiko mkaa unakoteketea kila siku. Kwetu vyote hivyo vimehamia gesi. Mkaa unawaka labda Jumapili mbili kwa mwezi, na kwa sababu ni mchache naweza kuuchagua na kuulipia vizuri.

Pia nauliza umetoka wapi. Kilosa kuna vijiji ambavyo, kwa mpango ulioanza mwaka 2012, vilijifunza kuvuna msitu kwa vitalu vya mita 50 kwa 50, visiki vikaachwa vichipue, na kitalu hakirudiwi hadi miaka 24 ipite. Sijui lolote la kuuliza barabarani litakalonihakikishia gunia ni la huko. Lakini muuzaji anayejibu "sijui, lori limeleta" na yule anayekutajia kijiji bila kufikiri si sawa, na wa pili namrudia.

Jumamosi iliyopita nilikuwa bandani kwa mama tena. Alinipimia madebe mawili, kipande kwa kipande, anagonga, anatupa pembeni visivyolia. Alipomaliza, lile fungu la pembeni lilikuwa limefika nusu debe. Akaanza kulimimina kwenye kiroba.

"Hizi chenga nakupa bure, kapikie maharage."

"Asante mama, ila kwetu maharage tunapika kwa gesi."

Alisimama na kiroba mkononi, akanitazama kutoka juu hadi chini, kisha akacheka hadi vijana wa bodaboda wakageuka.

"Kumbe ni nyinyi! Nyinyi ndio mnaotuulia biashara, halafu mnakuja hapa kuchagua!"

Akazirudisha chenga kwenye fungu lake na kunidai hela yangu.