Nyumba ya urithi, hamali ni mie

Jamani mie sina ugomvi na ukarabati, msije mkanielewa vibaya. Nyumba yao wakina mke wangu hapa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, ilikuwa imeshakaribia kutufukia, boriti zimeliwa na mchwa, masika yakiingia tunahama na magodoro kutafuta kona kavu. Kikaitwa kikao cha warithi, na warithi wenyewe mmoja yuko Maskati, mmoja yuko Leicester huko Uingereza, wawili Dar, kwahiyo kikao ni grupu la WhatsApp, wakakubaliana nyumba itengenezwe, ghorofa ya juu iwe apatimenti ya kukodisha wageni, na sie tukae chini bure tuiangalie. Mie nikashangilia na emoji za makofi juu. Kumbe bure ina bei yake yakhe.

Kazi haijaanza vurugu imeanza. Shemegi wa Leicester kwenye vidiokoli anataka madirisha ya alumini na sakafu ya marumaru ya kung'aa, sasa huu ni Mji Mkongwe, uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, hapa hata kugusa ukuta mpaka kibali na dirisha la mbao linabaki la mbao, nilipomwambia akanikasirikia utadhani sheria nimeitunga mie. Halafu likaja la saruji. Kijana mkandarasi anasema tupige lipu ya saruji tumalize haraka, fundi mzee wa chokaa akavua kofia akakaa chini kabisa, akasema ukuta huu ni jiwe la matumbawe na udongo na chokaa, unanyonya unyevu na kuutoa, mkiuziba kwa saruji maji yatakosa pa kutokea yatakula ndani kwa ndani na lipu yenu itabanduka vipande vipande. Warithi wakabishana mpaka usiku wa manane, watu ambao hawajawahi kushika mwiko. Mzee akashinda, lakini sio kwa hoja, kwa hofu, maana tangu Beit al-Ajaib iporomoke ile Disemba 2020, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, mtu wa mjini akiona ufa wa unywele anaanza kusoma innalillahi.

Basi magunia ya chokaa yakaja mpaka Darajani, na gari haingii vichochoroni, yakavutwa na rikwama. Anayeongoza rikwama nani? Aisee acha tu.

Nyumba ikaisha, na haki isemwe imependeza. Madaka ukutani yamepakwa upya, mlango wa kuchonga umepigwa mafuta, njumu zake, zile chuma zilizochomoza kwenye mbao, zinawaka, juu kuna kitanda cha samadari na chandarua mpaka wivu ukanishika. Ndio wageni wakaanza kuja, na hapa ndipo ninapowashangaa wenzetu hawa. Mtu analipa hela nzuri, kwa dola, kwa sababu nyumba ni ya zamani, akifika analalamikia uzamani. Mmoja amefungua mlango wa chumba akaniuliza hii korido inaelekea wapi. Bwana wee hicho ndo chumba chenyewe, dari limebebwa na boriti za mikoko na boriti haivuki sana metre tatu, walikuwa na nafasi ya kurefusha tu, upana ungetoka wapi? Mwengine akanipigia simu usiku, sauti ya msiba, nikapanda mbio nikijua paa limeshuka, nikamkuta kasimama juu ya sanduku lake jeusi, ananionyesha kwa kidole kimoja unga mweupe umemwagika kidogo pale kwenye zipu. Chokaa. Nikaupangusa na mkono wa kanzu nikashuka. Asubuhi ameandika kwenye rivyu ukuta unadondoka.

Waifai ndo usiseme. Ukuta wa nusu mita na ushei wa mawe, intaneti itapita wapi, ruta imewekwa kwenye ngazi na inaishia hapohapo kwenye ngazi. Kwahiyo usiku wageni wanashuka kukaa kwenye vidato. Juzi mama mkwe kaamka kwenda kutia udhu anakutana na mzungu kifua wazi na bukta, kakaa gizani uso unawaka kwa mwanga wa laptopu, bibi wa watu akapiga ukelele majirani wakafungua madirisha, mgeni naye kashtuka kaangusha chaja mpaka chini uwanjani. Aliyeamshwa kutuliza pande zote mbili ni mie, mkwe anataka nimwambie mzungu avae shati na mzungu anataka kujua yule mama ni mzimu au mpangaji.

Na adhana! Kuna mmoja alinifuata asubuhi macho mekundu, anauliza kwa adabu kabisa yule anayeita alfajiri anaweza kuombwa apunguze sauti, na aombwe nani. Nikamnyooshea kidole juu. Akadhani namaanisha ghorofa ya tatu, akapanda kwenda kugonga.

Masanduku sasa. Teksi inawashusha barabarani, kutoka hapo ni miguu, na mgeni wa siku mbili anakuja na sanduku la kuhamia nchi. Ngazi zetu zimesimama wima utadhani mnazi, yule waliyemjengea sijui alikuwa na magoti gani. Mgeni anatangulia juu mikono mitupu anasifia, oh biutifuli, oh otentiki, mie nyuma sanduku limo begani nasali kimoyomoyo. Umeme ukikatika juu kuna inveta, feni inazunguka, chini kwetu tochi ya simu. Eisii yao inatiririka maji palepale nilipokuwa naweka kiti changu. Tangi moja liko juu ya paa, wao wanaoga asubuhi, wakitoka ufukweni na kabla ya kulala, zamu yetu ikifika bomba linakoroma.

Nikitoka barazani nipumue na kikombe cha kahawa napo hakuna amani, mapapasi, wale vijana wa kuwawinda wageni mitaani, wanapitisha makundi ya watalii, wanasimama mlangoni kwetu wanawaambia hizi njumu ziliwekwa kuzuia tembo wasivunje mlango. Tembo! Unguja! Anaingiaje, kwa boti ya Azam? Asili ya mtindo ni India huko, Unguja ni pambo na kujionyesha tu, lakini nani ananiuliza. Wanapiga picha mlango na mie nimo, sura yangu ishafika Italia mara nyingi kuliko pasipoti yangu, ambayo sina. Mama mmoja akanipa dola moja akijua ni mlinzi. Niliipokea, kwanini nisipokee.

Maana hela nyengine siioni. Kodi inaingia akaunti ya Maskati kulipa deni la ukarabati, kitakachobaki wagawane kwa mafungu ya mirathi, na mume wa mrithi kwenye mirathi hana fungu, ana ngazi. Nikigusia kidogo mke wangu ananiambia we unakaa bure Mji Mkongwe unataka nini tena.

Jana grupu limelia saa sita za usiku. Shemegi wa Maskati katuma picha ya hoteli moja, anasema juu ya paa kunakaa tihausi safi kabisa, wageni wanywe chai wakitazama jua linazama, yeye atatuma mbao, kazi ndogo tu. Wote wameshaweka dole gumba. Nimeandika ujumbe mmoja tu: na birika litapandishwa na nani? Tiki za buluu zimejaa, hajajibu mtu.