Hilo "boksi tu" ndiyo besi yenyewe

Jumamosi jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, alikuja kuangalia mpira. Akaizunguka sabufa yangu, akaigonga kwa kidole, akasema: "Kaka, kumbe ni boksi tu?" Sikumjibu vizuri, na naomba radhi kwa hilo. Lakini lile "tu" lilinichoma. Boksi hilo limenila wiki tatu, na kila ninapopita sebuleni namjibu upya kichwani. Leo acha nimjibu kwa maandishi.

Niliagiza seti ya kujiundia: spika ya inchi 12, amplifaya yake ya kufunga nyuma ya boksi, waya, skrubu na mchoro. Mbao hazikuwemo, maana kusafirisha mbao kutoka nje ni kuchoma hela. Siku mzigo ulipofika sikuweza kusubiri. Nikaitoa spika kwenye sponji zake, nikaiunganisha na amplifaya pale pale juu ya meza ya chakula, nikafungulia wimbo wenye besi nzito kwa sauti ndogo. Koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayotikisika, ilikuwa inakwenda na kurudi, naiona kwa macho. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba kama ya redio inayoishiwa betri. Mke wangu akatoka jikoni kuuliza kama nimeuziwa mbovu.

Spika ilikuwa nzima. Koni inaposukuma hewa kwa mbele, kwa nyuma inaivuta wakati huo huo. Ikiwa wazi, ile hewa ya mbele inazunguka ukingo na kwenda kujaza pengo la nyuma, basi mawimbi mawili yanauana pale pale. Sauti za juu zinanusurika kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Besi ya hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa mita 8 na nusu hivi. Mbele ya wimbi refu hivyo, kispika cha inchi 12 kilicholala mezani hakina ukingo wa kuzuia chochote. Boksi ndilo linalotenganisha mbele na nyuma. Na likizibwa kabisa, hewa iliyofungiwa ndani inageuka springi inayoishika koni isiende ovyo. Mmarekani Edgar Villchur alijenga spika yake ya AR-1 mwaka 1954 kwa wazo hilo hilo, ikaweza kukaa kwenye shelfu na kutoa besi ambayo watu walizoea kuitafuta kwenye makabati makubwa.

Sisi wa huku tulikuwa tunalijua hili zamani. Aliyewahi kusimama karibu na akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja, anajua ule mdundo unafikia wapi kifuani. Ivue ngozi ile kwenye gogo lake lililochongwa, itandike chini, uipige. Utasikia kofi. Nani atakayekuambia gogo lile ni "gogo tu"?

Fundi seremala wangu wa Chang'ombe alitaka tutumie mninga. "Mzee, kitu cha sebuleni hiki, weka mbao ya maana." Namheshimu sana, ila hapo tulivutana. Mninga ni mbao nzuri, lakini mbao halisi hunywea na kutanuka kufuata unyevu, na ukavu wa Dodoma unaufahamu, hata milango inaachia. Kiungo kikiachia upana wa unywele, boksi limekufa. Tukachukua MDF, ile mbao ya kiwandani ya nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi, ya milimita 18, nzito, imetulia, haina mkondo wa nyuzi wala kifundo. (Vumbi lake ni baya. Vaa barakoa, usione aibu.) Kwa ndani tukapima sentimita 38 kila upande, karibu lita 55. Kipimo hicho hakikubahatishwa. Spika ilikuja na karatasi ya vigezo vya Thiele na Small, yaani namba zinazoeleza tabia ya spika yenyewe, na humo ndimo unamopigia hesabu ya ujazo.

Na bado lilivuja. Nilipofunga skrubu ya mwisho na kuweka besi ya taratibu, nikasikia "fyuu, fyuu" kutoka kona ya nyuma. Nikawasha kijiti cha udi, nikazima feni, nikakipitisha polepole kwenye viungo vyote. Moshi ulipanda wima, ukapanda wima, kisha kwenye kona ya chini kushoto ukaanza kuvutwa ndani na kutemwa nje, ndani, nje, kwa mapigo ya wimbo. Tundu lenyewe hata kwa kurunzi silioni. Nikafungua spika, nikaingiza mkono hadi begani, nikaziba kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la MDF, nikaliacha likauke mpaka kesho yake. Nilipolifunga tena, wimbo ule ule, sauti ile ile ya mezani, vioo vya dirisha la alumini vikaanza kutetemeka. Nilikaa chini. Sina neno jingine la kuelezea nilivyojisikia.

Sasa linganisha na tunavyonunua. Mtu anaingia dukani anauliza, "Hii wati ngapi?" Anaonyeshwa katoni imeandikwa 12,000, analipa. Soketi ya ukutani ni ampia 13 kwa volti 230, haifiki hata wati 3,000. Hizo 12,000 zitatoka wapi? Geuza usome kibandiko cha nyuma.

Nakubali, la dukani lina Bluetooth, lina redio, lina rimoti, na unalibeba siku hiyo hiyo. Mwenye haraka na bajeti finyu simlaumu. Ila nakataa kuambiwa ndiyo njia pekee. Vyuo vya ufundi vya VETA wanafundisha useremala na wanafundisha umeme. Vijana hao wakikaa meza moja, besi ya maana itajengwa hapa hapa, na kitakachotoka nje ya nchi ni spika na amplifaya peke yake.

Jana fundi alipita kusikiliza. Nikamwekea kipande cha filamu chenye ngurumo. Hakutazama picha hata kidogo. Aliweka kiganja juu ya boksi, akakiacha pale, akageuka kutazama dirisha linalotetemeka, akarudi kutazama kiganja chake. "Lenyewe halitikisiki," akasema. Kisha akachomoa penseli sikioni, akaniomba nimtajie tena vile vipimo.