Kusoma Kumewekwa Kwenye Mengineyo

Mkutano wa wazazi wa shule moja ya msingi hapa Kigoma Ujiji ulikuwa na ajenda ndefu, na kama ilivyo ada, ya mwisho ilikuwa mengineyo. Kabla ya kuifikia tulisomewa taarifa ya matundu ya vyoo, taarifa ya madawati, taarifa ya uji, mchango wa mlinzi, na maelezo marefu ajabu kuhusu kambi ya darasa la saba, ambalo tuliambiwa kuwa mwaka huu halina budi kufuta aibu ya mwaka jana. Kivuli cha mwembe kilikuwa kimekwisha kutuhama na wazazi kadhaa walikuwa wameshaaga kwa kisingizio cha sokoni pale bibi mmoja, aliyekaa muda wote bila kusema neno, aliposimama na kusema: "Mwalimu wangu, naomba mnieleweshe. Mjukuu wangu yupo darasa la tatu. Barua ya kuniita hapa kaileta yeye mwenyewe. Nikamwambia nisomee, akashindwa, ikabidi niipeleke kwa jirani. Sasa hapo shida ni nini?"

Mwenyekiti alimshukuru kwa swali zuri, akamwelekeza akamwone mwalimu wa darasa kwa wakati wake, akauliza kama kuna mengineyo mengine, kisha akafunga mkutano kwa dua.

Sina ugomvi na dua. Ugomvi wangu ni kwamba swali pekee lililohusu kazi ambayo shule ya msingi ilianzishwa kuifanya lilipewa muda mfupi kuliko kufuli la stoo, ambalo lilijadiliwa kwa kina, likaundiwa na kamati ndogo.

Anayefuatilia habari za shule zetu atakubali kuwa hatunyimwi taarifa. Ubao wa matangazo upo, kundi la WhatsApp la wazazi halilali, na barua zinaletwa nyumbani zikiwa zimekunjwa ndani ya daftari. Kwa njia hizo nimejua bei ya bati, nimeona picha za mgeni rasmi wa mahafali kutoka kila upande, nimejulishwa rangi mpya ya sweta na duka la kulinunulia, na nimekumbushwa michango ya hiari kwa lugha ambayo haina hata chembe ya hiari. Jambo ambalo sijawahi kulisoma mahali popote, si ubaoni wala katika simu, ni hili: katika darasa letu la pili, watoto wangapi wanasoma hadithi fupi na kuielewa, wangapi wamekwama kwenye silabi, na wangapi bado hawajazitambua herufi. Taarifa hiyo haihitaji bati wala saruji. Mwalimu wa darasa anaijua, pengine kwa majina. Lakini inabaki kichwani mwake kama siri ya serikali, mpaka siku mtoto atakapofika darasa la nne, akutane na upimaji wa kitaifa, na mzazi aambiwe kuwa mwanawe alikuwa "mzito".

Mtu atanijibu kuwa kuna ripoti ya muhula. Ipo, nami ninayo mbele yangu ninapoandika. Inasema mtoto amepata alama kadhaa katika Kusoma na amekuwa wa kumi na ngapi kati ya mia na kitu, na chini yake kuna maoni ya mwalimu: "Aongeze bidii." Bidii ya nini? Mzazi muuza dagaa wa Kibirizi, anayeamka alfajiri kuwahi boti zikitia nanga na kurudi jioni akinuka moshi, anatakiwa aongeze bidii gani hasa juu ya mtoto wa miaka saba, ikiwa hakuna aliyemwambia kuwa mtoto huyo anazijua irabu zote tano ila akikutana na "mb" au "nd" anakwama? Nafasi darasani humwambia mzazi mwanawe amemshinda nani, lakini haimwambii kama mwanawe anasoma. Katika darasa ambalo wengi hawasomi, hata wa kumi anaweza kuwa hasomi.

Tena kutokusoma kwa mtoto mdogo ni jambo linalojificha vizuri mno, na hapa ndipo ninapowaomba wazazi wenzangu wanivumilie nirefushe maneno. Binti wa jirani yangu, aliye darasa la pili, aliletwa kwangu na mama yake kwa fahari ili anisomee. Alifungua kitabu kwenye picha ya mama na ndoo, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti ya wimbo, bila kosa hata moja, ila kidole kilikuwa kimefika mwisho wa mstari wakati mdomo ungali katikati ya sentensi. Nikamsifu, kisha nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji na kuandika juu yake neno moja tu kutoka katika ukurasa ule ule: maji. Aliitazama karatasi, akaitazama picha kitabuni, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama." Nikaandika "ma" peke yake. Akanyamaza. Mama mtu hakuwa amedanganya hata kidogo. Kila jioni alikuwa akisikia kitabu kikitoka mdomoni mwa mtoto kikiwa kamili, na angejuaje kuwa kinatoka katika kumbukumbu ya sauti za wenzake sitini waliokuwa wakiitikia pamoja darasani?

Kuitikia pamoja ndiko kunakotuponza. Mwalimu anasoma, darasa linapokea, ukuta unatetemeka, na mgeni apitaye nje anafurahi kuwa elimu inatolewa. Ndani ya kelele ile mtoto asiyesoma yuko salama kabisa, anafungua mdomo pale wenzake wanapofungua, na anaweza kuishi hivyo miaka miwili bila kugunduliwa. Njia ya kumgundua haina gharama: asome peke yake, maneno asiyoyazoea, pasipo picha, kwa dakika mbili. Hivyo ndivyo walivyofanya watathmini wa Uwezo, mpango wa kupima kusoma kwa watoto, tangu walipoanza kupita nyumba kwa nyumba nchini mwaka 2010, wakiwa na karatasi yenye silabi, maneno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Lililokuwa jema zaidi kwangu ni kwamba mzazi alikuwa anaambiwa papo hapo, barazani kwake, mwanawe amefika ngazi gani. Ikiwa mtu wa kujitolea mwenye karatasi mkononi aliweza kumpa mzazi taarifa hiyo kabla hajamaliza kuaga, sioni kwa nini shule iliyokaa na mtoto mwaka mzima ishindwe.

Halafu kuna suala la herufi kutamkwa kwa majina yake. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mbele ya yote, na walimu wa mikoa yetu ya Kigoma na Tabora walipata pia mafunzo ya ziada kupitia EQUIP-Tanzania, mradi wa kuinua ubora wa elimu ulioanza mwaka 2014. Walifundishwa kuanza na sauti ya herufi, kisha kuunganisha sauti kuwa silabi, kisha silabi kuwa neno. Ni njia inayoifaa lugha yetu kuliko nyingi, kwa kuwa Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa na mtoto akishaimudu "ba, be, bi, bo, bu" amefungua mlango wa maelfu ya maneno. Lakini nyumbani hakuna aliyeambiwa. Kaka mtu aliye kidato cha pili anamkalisha mdogo wake jioni na kumwimbisha "a, be, che, de", kisha anamwambia aunganishe "be" na "a". Mtoto, ambaye ana akili zake timamu, anajibu "bea", na anapigwa kofi kwa kusema kweli. Shule inajenga asubuhi, nyumba inabomoa jioni, na wote wawili wana nia njema. Tangazo la mistari mitatu katika kundi la wazazi lingemaliza jambo hili: wiki hii darasa la kwanza wanajifunza sauti hizi, zitamkeni hivi, msiwafundishe majina ya herufi kwa sasa. Mahali pake tuliletewa picha ya mgeni rasmi akikabidhiwa mbuzi.

Nakubali, kwa shingo upande, kuwa mwalimu wa darasa la kwanza hana maisha mepesi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto waliandikishwa kwa wingi, jambo ambalo hakuna mwenye moyo anayeweza kulilalamikia, lakini kiwango kinachotajwa cha mwanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja ni ndoto katika madarasa mengi ya chini ya mkoa huu. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo ni 6,000 zilizokusudiwa kufika shuleni. Mwenye hesabu aseme chaki ngapi hapo. Nakubali pia kuwa mtoto wa Ujiji aliyezaliwa ndani ya Kiswahili hana mzigo sawa na mtoto wa Buhigwe au wa Kasulu vijijini, anayeingia darasani na Kiha chake na kutakiwa ajifunze kwa wakati mmoja lugha na maandishi yake. Lakini haya yote ni sababu za kuwaambia wazazi mapema zaidi. Mwalimu mwenye watoto mia, asiyeweza kumsikiliza kila mmoja, ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya watu mia wa kumsaidia jioni.

Kuhusu wanaokimbilia shule za mchepuo wa Kiingereza wakidhani wameikwepa adha hii, niseme tu kwamba kukariri kwa Kiingereza nako ni kukariri.

Wapo watakaosema wazazi wetu wengine hawajui kusoma, kwa hiyo hakuna msaada wa kutegemea. Kauli hiyo naichukia. Nchi hii iliwahi kuwaketisha watu wazima chini ya miembe, wakulima na wavuvi, wakajifunza kusoma baada ya kazi, na hakuna aliyewaambia kuwa wamechelewa. Bibi yule wa mkutanoni hakuhitaji kujua kusoma ili kutambua kuwa mjukuu wake hasomi. Alimpa barua akasubiri. Mzazi asiyesoma anaweza kusikiliza, anaweza kumwomba mtoto amwonyeshe neno alilolisoma liko wapi, anaweza kukunjua kanga na kumwambia asome maandishi ya chini, ambayo mama mwenyewe anayajua kwa moyo kwa kuwa ndiyo yaliyomfanya ainunue. Mwaloni Kibirizi boti zimeandikwa majina ubavuni, na ukutani mwa maduka ya Mwanga kuna matangazo ya simu, ya rangi na ya sabuni. Mji umejaa maandishi. Mtoto wa darasa la pili apitishwe humo polepole, aulizwe, asicheke mtu akikosea.

Jambo hili haliwezi kungoja, kwa kuwa chini ya sera iliyorekebishwa mwaka 2023 elimu ya msingi inafupishwa kutoka miaka saba hadi sita, na mtoto anayebaki nyuma atakuwa amepungukiwa mwaka mzima wa kujikwamua. Tulishaaibika mwaka 2012, iliposemwa hadharani kuwa maelfu ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Walipita shuleni miaka saba, walikuwa na ripoti kila muhula, na bila shaka ziliandikwa waongeze bidii.

Kwa hiyo nimemwandikia mwenyekiti wa kamati ya shule, nakala kwa Mwalimu Mkuu na kwa Afisa Elimu Kata, nikiomba mambo mawili katika mkutano utakaofanyika kabla ya likizo ya Juni. La kwanza, ubao wa matangazo uwe na jedwali moja lisilo na jina la mtoto yeyote, likionyesha kwa darasa la kwanza, la pili na la tatu idadi ya walio kwenye herufi, silabi, maneno, aya na hadithi, na kila mzazi aambiwe faraghani mwanawe yuko wapi. La pili, taarifa hiyo iwe ajenda ya kwanza baada ya kuthibitisha kumbukumbu, kabla ya vyoo, kabla ya madawati, na kabla ya lile kufuli, ambalo naamini kamati yake ndogo itakuwa imeshakamilisha kazi.

Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Nimejibiwa kwa mdomo kuwa ajenda tayari zimejaa, lakini naweza kulileta kwenye mengineyo. Nimemtafuta bibi yule, na wazazi wengine kadhaa wa darasa la tatu, na tumekubaliana kwamba safari hii ajenda zitakaposomwa ili zithibitishwe, hatutazithibitisha.